Fizikia ya Senior 5 Inataka Hisabati Gani?

Kila matokeo ya UCE, mtihani wa mwisho wa Senior 4 nchini Uganda, yanapotoka na wanafunzi kuanza kuchagua masomo ya Senior 5, mjadala huibuka tena: je, anayechukua PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, bila hisabati kama somo kuu, ataimudu fizikia? Walimu wanaosema kwamba lazima kwanza aimarishwe kihisabati huonekana kuwafungia mlango watoto wanaotamani udaktari. Naona walimu hao hawajaeleweka.

Tuchukue pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Ili kupata fomula ya muda wa mzunguko wake, mwalimu huandika ubaoni kwamba kwa pembe ndogo, sini ya pembe inakaribia kulingana na pembe yenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kupima kwa digrii anabonyeza kikokotoo na kuona kuwa sini ya digrii 10 ni 0.1736. Italinganaje na 10? Hajaelezwa bado kwamba pembe hiyo kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, ni 0.1745, na kwamba tofauti iliyobaki ni kama nusu ya asilimia tu. Basi anaikariri fomula. Akiingia maabara anaambiwa achore grafu ya logi (logarithimu) ya muda dhidi ya logi ya urefu wa uzi. Anapata mteremko unaokaribia 0.5, anauandika, na hajui kwamba nusu hiyo ndiyo kipeuo cha pili kilichomo ndani ya fomula aliyoikariri. Kinachoniuma ni kwamba mtoto huyu ataitwa dhaifu wa fizikia, ilhali kilichomwangusha ni radiani na logi.

Wanaopinga hutukumbusha kwamba Michael Faraday, aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inayosogea inavyozalisha umeme katika koili, hakuwa na hisabati ya juu. Ni kweli, lakini ilibidi mwanafizikia James Clerk Maxwell aje kuyaweka mawazo yake katika milinganyo, na mtihani wa UACE, ule wa mwisho wa Senior 6, nao unadai milinganyo. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi: kuifanya hisabati kuu iwe sharti kungewaumiza wanafunzi wa shule zenye uhaba wa walimu wa somo hilo. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Hisabati saidizi, somo dogo linalochukuliwa kando ya masomo makuu, ipo, na kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, imo ndani yake. Lakini kwa utaratibu uliozoeleka huleta pointi 1 tu katika matokeo ya UACE, wakati alama ya A katika fizikia huleta 6, kwa hiyo ni rahisi kuiweka kando. Tena mada zake hazifuati mahitaji ya fizikia. Ningependa mwalimu wa fizikia mwenyewe atumie wiki tatu za kwanza kufundisha radiani, vekta, logi na maana ya kasi ya mabadiliko, hata kama muhula huo ni mfupi na mada nyingine zitasubiri. Muda huo anaupoteza hata sasa, kila anapolazimika kusimamisha jaribio ili aeleze logi kwa wanafunzi walioshika stopwochi mkononi.