Mpwa Anaenda Nje Kusomea Watu, na Mtu Mwenyewe Ndo Mimi

Wakuu naombeni mtu anieleweshe hili jambo taratibu, maana nikiongea nyumbani naambiwa nina wivu na maendeleo ya mtoto. Hivi mtu anaacha Mtwara, anaacha pweza wa Shangani, anapanda ndege kwenda kwenye baridi kusomea namna watu wanavyoishi na wenzao. Watu! Si ndo hawa hapa wamejaa, wamekaa barazani kwangu toka asubuhi hawana hata safari, kama ni kuwasoma si uwasome hapahapa bure na chai ntakupa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kamaliza digrii yake ya sosholojia Dar, karudi na cheti kwenye bahasha ya kaki. Kazi hakuna, ila deni la mkopo analo, na eti siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwa sasa wanakata asilimia 15 ya sifuri, kwa hiyo hajachelewesha hata senti. Nikajua dogo atatulia, nitamkabidhi kibanda changu cha spea za bodaboda pale Magomeni ya hapahapa Mtwara, mimi nipumzike kidogo mgongo. Wapi. Kaja jioni, kavua viatu mlangoni, kakaa kwa adabu ile ya mtu anayetaka hela. "Shikamoo mjomba. Nataka nikafanye masta nje." Masta ya nini? Ya hiyohiyo.

Sasa huku kwetu Kusini mnajua wenyewe, ukoo ni wa mama, mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba. Baba yake yupo, mzima wa afya, shemeji yangu huyo, alipoambiwa habari ya nje akasema "Hongera sana mwanangu, kamwone mjomba wako," akaendelea kumenya ming'oko yake. Nikajaribu kumwambia dogo kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, siku hizi baba ndo analipa, dunia imebadilika. Akachukua kalamu, akachora kwenye daftari langu la madeni, duara eti ni mwanamke, pembetatu ni mwanaume, akaunganisha mistari, bibi, mama, dada zake, mimi nikawekwa pembeni pembetatu moja peke yake, halafu akaanza kupiga mishale. Mishale yote inakuja kwangu. "Mfumo huu mjomba wataalamu wameuandika sana, kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera, mjomba ndo mhimili." Yaani kijana kasoma miaka mitatu kwa hela ya mkopo aje anithibitishie kitaalamu kwamba bili ni yangu!

Na bili yenyewe ilianza kwa utamu. Alisema Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, hata kwa mgeni. Nikapiga kofi, nikasema hao ndo watu. Akasema isipokuwa jimbo moja linaitwa Baden-Württemberg, lenye kile chuo cha zamani cha Heidelberg, kule tangu 2017 mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya anatozwa euro 1,500 kwa muhula. Nikamwambia basi Heidelberg tumesamehe, nenda penye bure. Akakohoa. Ukiona msomi anakohoa, shika mfuko.

Ikaja habari ya akaunti iliyofungwa. Yaani kabla hawajakupa visa unatakiwa uoneshe una hela ya kula ya mwaka mzima, na kiwango walichoweka toka Septemba 2024 ni euro 11,904, unaiweka benki, na ukishaiweka huruhusiwi kuigusa mpaka ufike kwao, ukifika unafunguliwa 992 kwa mwezi basi. Kwa hela yetu ni zaidi ya milioni 30. Nikachukua simu nikapiga hesabu kwa ile bei ya korosho ya msimu wa 2018, shilingi 3,300 kwa kilo, ikaja tani 9 na ushee. Tani! Mimi mikorosho yangu ya Kitangari ikijitahidi, salfa ya kupulizia ikapatikana mapema, mvua isinyeshe wakati wa maua, na wale walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa bei ya kutupa, wasiwe wamenizunguka wakati wa njaa, naingiza magunia ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na nusu. Nikamuuliza, hiyo hela ni ya nani? Akasema ni yangu. Sasa mbona nafunguliwa kidogokidogo? Akatabasamu, akasema hapo mjomba umegusa, kuna Mjerumani aliitwa Max Weber, kafa 1920, huyo aliueleza urasimu vizuri sana, mafaili, kanuni zilizoandikwa, kila mtu na ngazi yake, afisa hakujui wala hakuchukii, anafuata karatasi. Nikasema basi tumeshausoma, fomu zenyewe ndo masta, tupe cheti tukalale.

Halafu kuna mtihani wa Kiingereza. Huyu mtoto kafundishwa kwa Kiingereza toka fomu wani, mitihani yote kajibu kwa Kiingereza, digrii kaisoma kwa Kiingereza, lakini lazima athibitishe anakijua, na ada ya kuthibitisha inazidi gunia la korosho. Nikalipa. Kafaulu vizuri tu, tukafurahi, dada kapika pilau. Ndo nikaambiwa matokeo yale yanadumu miaka 2, baada ya hapo yameisha muda kama maziwa ya pakiti. Kwa hiyo Kiingereza chake kipo kabatini kinahesabu siku, na kila nikiona mambo yanachelewa nakiwaza kile Kiingereza changu nilichokinunua.

Nikamshauri aombe ufadhili, nimesikia Uingereza wana ile ya Chevening, wanakulipia masta ya mwaka mmoja kila kitu, sharti tu ukimaliza urudi kwenu ukae miaka 2. Kurudi si ndo tunachotaka? Akasema ndiyo, ila wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800. Tukakaa chini na daftari lilelile la madeni tukaanza kuzitafuta. Msimu uliopita alinishikia mizani kule ghalani. Saa ngapi? Akauza spea wakati naumwa. Akapeleka ujumbe wa harusi mpaka Mikindani kwa miguu, nikamwambia andika na hiyo, uhusiano wa jamii huo. Tukafika mahali pazuri tu, ikabaki barua ya mtu wa kuthibitisha. Nikavaa miwani niandike mwenyewe kwamba ni kijana mwadilifu na mchapakazi. Akaniambia ndugu haruhusiwi. Huku mwenye kutoa hela ni mjomba, mishale yote kwa mjomba, ikifika kwenye kusema neno zuri mjomba ni ndugu, hakubaliki!

Kijiweni kwenye kahawa ndo usiseme, kila mtu ana lake. Shehe wetu mmoja mtulivu sana akasema hao Wafaransa na Wajerumani wamechelewa, elimu hii Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliiandika toka 1377, namna makabila yanavyoshikamana, dola inavyopanda na kushuka, kila kitu. Nikauliza kwa hamu, sasa kwa nini dogo asiende Tunis, Afrika hiihii, pengine hata basi lipo. Dogo akasema Chicago walianzisha idara ya sosholojia 1892, na kulikuwa na profesa mmoja, Robert Park, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari, akawa anawatuma wanafunzi watoke nje wakakae na watu wenyewe, wazururaji wanaodandia treni, wahamiaji, kumbi za dansi, wasikilize na kuandika. Kijiwe kizima kikanyamaza. Muuza kahawa akaweka dele chini akauliza, "Kwa hiyo kukaa na wazururaji na kusikiliza stori zao, Marekani wanatoa digrii?" Akaambiwa wanatoa mpaka ya udaktari. Toka siku ile anajiita profesa, na kikombe kimepanda bei.

Mzee mmoja mwenyeji wa Nachingwea, aliyewaona FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kwa macho yake walipokuwa na kambi kule, akasema mwacheni mtoto asome, Mondlane naye si alisomea haya. Na kweli, dogo akadakia, Eduardo Mondlane alichukua digrii Oberlin 1953, udaktari wa sosholojia Northwestern 1960, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, akafundisha Syracuse, akaacha vyote akaja Dar kuongoza FRELIMO. Kijiwe kikatikisa vichwa, hata mimi moyo ulilainika, nikajiona mjomba wa mkombozi. Tatizo mzee akaendelea na stori mpaka mwisho, kwamba 1969 aliuawa Dar kwa bomu la kwenye kifurushi. Na dada alikuwa anapita na ndoo ya maji.

Mnajua kilichofuata? Ilikuja bahasha kutoka chuo kimoja cha kule, nzito, ina mihuri, dada kakataa isiingie ndani. Ikawekwa uani juu ya pipa, watoto wamekatazwa kusogea, kuku amefukuzwa, na dogo mwenyewe hakuwepo, kaenda Dar kwenye miadi yake na basi limekwama njiani maji yamekata barabara Somanga. Bahasha imelala pale na umande wake. Aliporudi akaifungua mbele ya mtaa mzima, ni barua ya kukubaliwa pamoja na kijitabu chenye picha za wanafunzi wamekaa kwenye majani wanacheka. Dada akasema, "Kumbe wanacheka." Ndo akaruhusu iingie.

Mji wenyewe ni Leipzig. Nikauliza kwa nini huko. Ndo nikasikia kwamba 1906 Mjerumani mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alifika Lindi, akapanda Masasi mpaka Newala, anapiga picha watu, anauliza habari za jando na unyago, ana mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, babu zetu wakaiimbia, naye akabeba akaondoka. Miaka michache mbele, 1909 mpaka 1913, wenzake wakachimba Tendaguru kule Lindi, wakachukua mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dainosaria, mababu wakaibeba vichwani mpaka bandarini, leo kasimamishwa Berlin ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Sasa nauliza, yule mjusi aliweka euro 11,904? Alifanya mtihani wa Kiingereza? Nyimbo za bibi zetu zilipigwa muhuri wa nani? Wakati ule vilipokelewa bila foleni, leo mtoto anataka akaone tu kilichoandikwa juu yetu, anaambiwa alete taarifa za benki za miezi.

Nilimwambia kwa uchungu kabisa. Akaniambia, "Mjomba, hilo ni wazo zuri sana, naomba nilirekodi."

Hapo ndo shida yangu kubwa ilipo. Toka aanze kuandaa andiko lake la utafiti, mimi siishi tena, mimi ni data. Nikimgombeza mtoto, anaandika. Nikikataa kumkopesha jirani, kuna Mfaransa anaitwa Bourdieu alishasema kuna mtaji usio wa pesa, wa kujuana na watu, na mimi eti nimeupunguza. Juzi nimekunywa uraka, pombe yetu ya mabibo, kidogo tu kwa mwenzangu kusherehekea mabibo ya kwanza, narudi taratibu, namkuta mlangoni kaangalia saa. Mke wangu ndo kafurahi, maana zamani alikuwa analalamika peke yake, sasa hivi malalamiko yake yanapangwa kwa mada.

Nikamwambia lakini pia kuwa mwangalifu, kuna yule Mmarekani mweusi uliyenitajia mwenyewe, Du Bois, si alienda Berlin 1892, ufadhili ukakatika akarudi 1894 bila shahada yao? Akasema ndiyo mjomba, ndo maana nataka tujipange na nauli mapema. Kila ninapofungua mlango wa kutokea, anaingilia yeye.

Jana usiku kaniletea fomu. Kichwa cha habari kinahusu nafasi ya mjomba katika malezi kwenye jamii za ukoo wa mama, Mtwara. Nikamuuliza mjomba yupi, akasema tutaanza na wewe. Fomu ya ridhaa, inaeleza kwamba ushiriki ni wa hiari, hakuna malipo, na mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila madhara yoyote kwake. Nikarudia ule mstari mara ya pili kwa sauti. Nikamwita dada jikoni. "Dada, njoo usikie karatasi ya Mzungu inavyosema, naweza kujitoa wakati wowote, na siulizwi!" Dada kaja anajifuta mikono kwenye kanga, kachukua fomu, kaisoma juu mpaka chini kwa utulivu, akamgeukia mwanae. "Hii ni ya maswali. Nauli imo humu?"

"Haimo mama."

"Haya, mpe mjomba wako kalamu."

Nimesaini. Na nikiwa nimeshasaini ndo naambiwa jina langu halitatajwa popote, kuficha utambulisho, kule Leipzig nitajulikana kama Mshiriki wa Kwanza. Mimi, niliyelipia mpaka Kiingereza! Nimemwambia dogo, humo katikati nifiche unavyotaka, uraka weka, ugomvi weka, lakini ukurasa ule wa mbele wa shukrani andika jina kamili, andika Magomeni, mkono wa kulia ukitokea sokoni, cheni, plagi na breki za pikipiki aina zote zinapatikana, na kwa Mjerumani atakayefika na karatasi hiyo kuna punguzo.