Usisubiri Mahafali Kutafuta Postidoki

Mwezi uliopita kijana mmoja wa idara yetu alibisha hodi ofisini kwangu, tasnifu mkononi, imejaladiwa, bado inanuka gundi. "Shikamoo Dokta." Nikamwitikia, nikampongeza kwa moyo wote, maana najua alivyokesha na ile mashine ya kupima floridi ambayo umeme ulikuwa ukiikatikia kila jioni. Nikamuuliza sasa anaelekea wapi. Akasema atapumzika, atasubiri mahafali ya Novemba, halafu mwakani au mwaka utakaofuata ataanza kutafuta nafasi ya utafiti nje.

Nikamwambia vuta kiti, mdogo wangu.

Postidoki, yaani ile miaka miwili mitatu ya kufanya utafiti kwenye maabara ya mtu mwingine baada ya uzamivu, kabla hujasimamisha ya kwako, ina umri. Hauhesabiwi tangu siku uliyozaliwa, unahesabiwa tangu ulipopata PhD. Chukua wafadhili watatu wakubwa: Humboldt ya Ujerumani inataka uwe hujapita miaka 4. Ukipita unahamia kundi la watafiti wazoefu, hadi miaka 12, na huko unashindanishwa na watu wenye makala nyingi na wanafunzi wao. JSPS, shirika la Japani la kuendeleza sayansi, inaishia miaka 6. Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya imeweka kikomo cha miaka 8. Hakuna hata mmoja kati yao anayekuuliza mahafali yenu yalikuwa lini.

Sasa tazama miaka hiyo inavyoliwa kwetu. Mimi nilirudi kazini na PhD yangu nikakabidhiwa kozi tatu muhula wa kwanza. Darasa moja lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 300, na vitabu vya mitihani vililetwa ofisini kwa toroli. Juu yake kulikuwa na mkataba wa kukitumikia chuo kabla ya kuruhusiwa kuondoka tena. Siku nilipopata nafasi ya kufungua masharti ya Humboldt na kuyasoma kwa utulivu, nilikuwa na miaka minne na miezi saba. Nilifunga kompyuta, nikaenda kufundisha.

Sisemi mkataba ule ni dhuluma. Chuo kilinilipa mshahara nilipokuwa masomoni, kina haki ya kudai utumishi wangu. Ninachokipinga ni mpangilio. Mkataba unaweza kungoja miaka miwili, na mtu akaurudia na kuutumikia wote. Umri wa postidoki haungoji. Kijana akiachiwa aende wakati utafiti wake bado wa moto, atarudi na mbinu mpya, na watu wa kuandika nao maombi ya fedha, pengine hata vifaa. Akizuiliwa, chuo kinabaki na msahihishaji wa mitihani mwenye PhD. Wakuu wa idara wanalijua hili vizuri kuliko mimi, na ningependa walisemee kwenye vikao vinavyopitisha likizo.

Kosa la pili la vijana wetu ni kukaa wakisubiri tangazo. Matangazo yapo, na EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za utafiti, inayo mengi: profesa ana fedha za mradi, anaajiri mtu wa kuufanya. Omba hayo pia. Lakini ufadhili mkubwa unaoufuata kwa jina lako mwenyewe unaanza kwa mwenyeji. Humboldt hupeleki maombi bila mtafiti wa Ujerumani aliyekubali kukupokea. JSPS, anayeomba ni yeye mwenyeji, kupitia chuo chake. Kwa Marie Curie mnaandika pamoja, na dirisha kwa kawaida hufungwa Septemba, kwa hiyo anayemtafuta mwenyeji Agosti amechelewa.

Barua ya kwanza kwa mwenyeji ndiyo inayoamua, na hapo ndipo ninapoumia zaidi. Nimesoma nyingi za vijana wetu. Zinaanza na "Mheshimiwa Profesa", zinafuata aya mbili za bidii, uaminifu na kiu ya elimu, kisha viambatisho saba. Profesa hazimalizi. Yule kijana amefanya kazi nzuri sana juu ya mkaa wa mifupa unaochuja floridi kwenye maji ya vijiji vya kandokando ya Mlima Meru, ambako visima vingi vinapita mbali kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita na watoto wanaota meno ya kahawia. Nikamwambia aanze hapo hapo. Amwambie profesa: nimesoma makala yako, kichujio chako kilijaribiwa kwenye maji yaliyotengenezwa maabara, mimi ninayo matokeo ya maji halisi yenye bikaboneti nyingi, na kwenye maji hayo uchujaji unashuka. Naomba tujue kwa nini. Sentensi nne, na makala moja iliyochapishwa. Barua ya namna hiyo inajibiwa, hata kama jibu ni kwamba sina fedha mwaka huu.

Na aandike nyingi. Mwaka 2024 Marie Curie ilipokea maombi 10,360 ikafadhili 1,696. Mwaka uliofuata maombi yakapita 17,000. Kunyimwa hapo si hukumu ya akili ya mtu. Anayepata alama 85 au zaidi kwa 100 na fedha zikamwishia hupewa cheti, na zipo nchi zinazokitumia kumfadhili kwa fedha zao. Jambo jingine, hasa kwa mliosomea uzamivu Ulaya: kama umeishi kwenye nchi hiyo zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita, Marie Curie haikupeleki huko huko, tafuta mwenyeji nchi ya jirani. Na anayekudai pesa ili "akupitishie" maombi ya postidoki ni tapeli.

Nje yenyewe si lazima iwe Ulaya. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, ina wadudu na wanasayansi wa wadudu wa kumtosha mtu maisha yake yote. Kilifi ipo KEMRI-Wellcome ya utafiti wa afya, na taasisi ya afya ya Ifakara iko kwetu wenyewe, Tanzania. Nimeona watu wakizipita taasisi hizi kwa basi wakienda uwanja wa ndege.

Kijana ameandika barua yake ya kwanza Jumanne, amenitumia niisome. Aya ya kwanza ni ya maji ya Meru, imekaa vizuri. Aya ya pili imerudia kusifu vyeti. Nimeipiga mstari, nimemrudishia, nimemwambia ipelekwe kabla ya Ijumaa.