Jengo na akili ya mtu: nani anashika swichi?

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti ambao wasanifu majengo wanaurejea hadi leo. Katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, aliwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo. Nusu yao walikuwa na dirisha linalotazama miti, wengine ukuta wa matofali. Walioona miti walikaa wodini wastani wa siku 7.96, wenzao 8.70, tena walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi.

Wanaosema jengo ni sehemu ya tiba wana hoja nzito. Msanifu majengo Alvar Aalto, alipojenga sanatoria, yaani hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, ya Paimio, Ufini, iliyokamilika 1933, alimfikiria kwanza mtu aliyelala chali. Dari aliipaka kijani iliyopoa, taa akaziweka zisimpige machoni, hata beseni la kunawia akalichora ili maji yasimwamshe mgonjwa wa kitanda cha pili. Beseni hilo ndilo linalonigusa kuliko yote.

Wenye shaka nao wana lao: watu 46 ni wachache, na tofauti yenyewe haikufika siku moja. Dirisha haliondoi sonona. Mimi hofu yangu iko kwingine, kwenye majengo yanayonadiwa kuwa yanatuliza kila mtu. Mzee mwenye tatizo la kusahau anahitaji mwanga wa kutosha, maana macho yamefifia. Zulia jeusi mlangoni huweza kulidhania shimo, akasita, akagoma kuvuka. Mwanga huohuo unaweza kumtesa kijana mwenye usonji anayesikia hata mvumo wa taa ambao wengine hawausikii. Hapo utachagua rangi gani ya kuwaridhisha wote wawili?

Kwangu, bora kumwachia mtu uamuzi: taa inayopunguzwa, pazia analolivuta mwenyewe, chumba kidogo cha kukimbilia kelele zikizidi. Najua wodi za magonjwa ya akili zina mipaka yake. Huko kamba ya pazia yenyewe ni hatari, maana mgonjwa anaweza kujidhuru nayo, na uamuzi wa kuiondoa nauheshimu. Lakini mwanga hauhitaji kamba. Nikipewa mchoro wa wodi, naanzia kitandani: je, aliyelala hapo anaifikia swichi bila kumwita muuguzi?