Sindano ya miezi mitatu na maswali yanayoitwa uvumi

Alfajiri pale Kibirizi, Kigoma, wanawake wakianika dagaa, habari za uzazi wa mpango huzungumzwa kwa sauti ya chini. Mwaka jana mama mmoja wa watoto watatu aliniambia: "Dada, mara ya mwisho kuchomwa sindano ilikuwa kabla ya Ramadhani. Nataka mtoto, mpaka leo kimya. Mama mkwe anasema dawa imeniunguza kizazi." Alipouliza kwenye zahanati aliambiwa asisikilize uvumi. Hakuambiwa kingine.

Ni kweli, kizazi hakijaungua. Lakini alichokiona mwilini mwake ni cha kweli pia. Sindano hiyo ya miezi mitatu, Depo-Provera, huchomwa kwenye msuli, ikabaki humo ikitoka kidogo kidogo, na ikishaingia hakuna wa kuitoa. Miezi mitatu ya kadi ikiisha, mabaki yake bado yanaweza kuzuia yai kupevuka. Kwa hiyo nusu tu ya wanaoacha wakitaka mimba huwa wameshaipata miezi 10 hivi baada ya sindano ya mwisho, na wapo wanaovuka mwaka. Kwa mwanamke anayesubiriwa azae, miezi 10 isiyo na maelezo ni mirefu mno. Humo ndimo anamoitwa tasa, humo ndimo mke wa pili anamotafutwa. Kijiti cha uzazi wa mpango kikitolewa mkononi, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Aliyetaka kupumzika mwaka mmoja alistahili kujua tofauti hiyo kabla hajachomwa.

Damu nayo. Miezi ya mwanzo matone huja bila mpangilio, pengine siku nyingi mfululizo. Mwaka ukitimia, karibu nusu ya wanaochomwa hawaoni siku zao kabisa. Kitabibu si ugonjwa: ukuta wa ndani wa mji wa mimba umekuwa mwembamba, hakuna cha kumwagika, wala hakuna damu inayorundikana tumboni kama wengi wanavyohofu. Ila "utazoea" ni rahisi kusema ukiwa upande wa pili wa meza. Mwenye matone hayo kule Ujiji anajiuliza kama aswali au asiswali, kama saumu yake ipo. Mumewe anamwuliza mbona kila siku. Anafua vitambaa usiku ili wifi asivione. Akiacha sindano kimyakimya, anaandikwa kuwa hana elimu.

Wanaozitetea njia hizi wana hoja nzito, na siibezi. Tanzania ilikuwa na vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16. Ule wa 2022 ulipata 104. Sababu ni nyingi, lakini kupishanisha watoto ni mojawapo. Hata damu kuganda, hofu kubwa ya vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, huwapata wanawake kati ya 3 na 9 kwa kila 10,000 wanaovimeza kwa mwaka, wakati ujauzito wenyewe huwaletea kati ya 5 na 20. Vidonge hivyo hupunguza pia saratani ya ovari. Anayewatisha wanawake ili waviache anawarudisha kwenye hatari iliyo kubwa zaidi. Mwenye presha ya juu, au anayevuta sigara na umri umepita miaka 35, ndiye wa kuelekezwa njia nyingine, na kupima presha ni dakika mbili.

Kinachoniuma ni kwamba maelezo hayo yangewabakisha wengi kwenye huduma. Mwanamke aliyeonywa mapema kuhusu matone huvumilia, au hurudi kubadilishiwa njia. Aliyefichwa hukimbia, na habari yake hufika sokoni Mwanga kabla ya jioni. Vivyo hivyo kwa anayekwenda kutolewa kijiti akajibiwa kuwa muda wake haujaisha. Mkono ni wake. Akitaka kitoke leo, kitoke leo. Anayemrudisha nyumbani amewafunza majirani zake wote kwamba ukikubali kuwekewa, huachiwi.

Yule mama wa Kibirizi tulihesabu pamoja kwa vidole tangu sindano yake ya mwisho. Ikaja miezi minane. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwandikie ile kumi kwenye karatasi, akamwoneshe mama mkwe.