Pikapu Kuukuu: Inchi Zinazoruhusiwa na Inchi Zinazotosha

Pikapu yangu ni Toyota ya mwaka 1985. Nyumbani tungeiita Hilux, lakini hapa Marekani jina hilo waliliacha zamani. Huo ndio mwaka wa mwisho ambao Toyota waliuza hapa pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne yenye ekseli nzima mbele. Kuanzia 1986 kila gurudumu la mbele likawa linacheza peke yake. Ndiyo maana wapenzi wa kunyanyua magari, yaani kuyaongezea kimo kutoka chini, huisaka sana ile ya 1985. Unabadilisha springi, unafunga shokapu ndefu zaidi, gari limepanda. Nami niliinyanyua, na sijutii. Ila nimeona vijana wengi hapa California wakifukuzia kikomo cha kimo kilichowekwa na sheria kana kwamba ndicho kipimo cha usalama, na jambo hilo linanisumbua.

Sheria ya California yenyewe si ngumu. Inapima chasisi. Gari likiwa tupu, limesimama pahali tambarare, unapima kutoka chini hadi sehemu ya chini kabisa ya chasisi, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Pikapu ambayo uzito wake wa juu ulioidhinishwa na kiwanda, mzigo ukiwemo, hauzidi pauni 4,500 isivuke inchi 27. Kuanzia pauni 4,501 hadi 7,500, mwisho ni inchi 30. Kuanzia hapo hadi 10,000, inchi 31. Uzito huo umeandikwa mlangoni upande wa dereva, kwa hiyo usimuulize mtu, kasome mwenyewe. Anayenyanyua bodi peke yake kwa kuiwekea vipande juu ya chasisi ana sharti lake pia: sakafu ya bodi isipite inchi 5 juu ya chasisi. Namba za jimbo jingine usizibebe. Florida wanapima bampa, na North Carolina tangu Desemba 2021 wamepiga marufuku gari lililoinuliwa mbele likazidi nyuma kwa inchi 4 au zaidi.

Kabla sijagusa chochote nililala chini na tepu. Upande wa abiria, inchi 18 na nusu hadi chasisi. Upande wa dereva, 17 na nusu. Toyota hizi zinajulikana kwa kuinamia upande wa dereva, na springi za miaka karibu arobaini, zile za vyuma bapa vilivyopangwa, zilikuwa zimenyooka kama rula. Nikaelewa kwamba sehemu ya kimo nilichokuwa nakitamani si cha kuongeza bali cha kurudisha. Mwenye pikapu kuukuu aanzie hapo. Vipande vya chuma chini ya springi iliyochoka ni kutupa pesa bure, kwa sababu itaendelea kuchoka na gari litainama vilevile, sasa likiwa juu zaidi.

Springi mpya zilinifikisha inchi 21 pande zote mbili. Matairi ya inchi 31 badala ya yale ya 28 yakaongeza inchi moja na nusu, maana gari hupanda kwa nusu tu ya ukubwa ulioongezeka kwenye tairi. Jumla 22 na nusu. Yangu iko kwenye kundi la inchi 30, kwa hiyo bado nina inchi saba na nusu ambazo hakuna askari atakayeniuliza. Sizitaki.

Sababu yangu kubwa iko nyuma, juu ya difu. Kwenye chasisi pale pana vali ndogo ya breki, na kutoka kwenye vali inashuka fimbo mpaka kwenye ekseli. Ukipakia magunia, chasisi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inazipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu vali inabana, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge ukaserereka. Sasa inyanyue chasisi inchi tatu. Ile fimbo inavutika, na vali inaamini gari ni tupu kupita utupu wenyewe. Unaweza kupakia saruji mpaka juu, breki za nyuma zikabaki zinagusa tu. Tepu ya askari haioni jambo hilo. Unaliona siku unapokanyaga breki mteremkoni.

Usukani nao unadai haki yake. Kwenye modeli hii fimbo ya stelingi inalala ikielekea ekseli ya mbele. Ukinyanyua sana inasimama mshazari, na kila shimo linakugeuzia usukani mkononi. Taa zisipite inchi 54 kutoka chini, na hata zikiwa chini ya hapo lazima zielekezwe upya, maana mwanga uliokuwa unapiga barabara sasa unapiga macho ya watu. Mita ya mwendo nayo inadanganya: ikisoma 60, na matairi yangu, unakwenda kama 66.

Jirani yangu ana pikapu ya mwaka uleule, chasisi yake iko inchi 29. Ni halali kabisa, na anajivunia hivyo. Wiki iliyopita nilimwomba tuingie chini yake pamoja. Fimbo ya vali imenyooka, imevutwa mpaka mwisho wake, na ana watoto wawili wanaopanda pikapu hiyo kila asubuhi wakienda shule. Alinyamaza, akaishika kwa vidole, akaniuliza inarekebishwaje. Tutapima fimbo imevutwa kiasi gani, tuchonge kipande cha chuma cha kuiinua kwa kiasi hichohicho kwenye ekseli, na bolti zake mbili. Jumamosi tunakifunga, kisha tunapakia mzigo na kuzijaribu breki kabla hajarudi barabarani.