Wapenzi wa Makabila Hasimu, na Warumi Mlangoni

Riwaya za mahaba zinazowahusu Wakelti, makabila ya kale ya Ulaya, hupenda mkasa mmoja: kijana wa kabila hili, binti wa kabila lile, wazee wamekataa katakata, mara majeshi ya Roma yanatokea na penzi lao linawapatanisha mahasimu. Historia inaukubali mkasa huo nusunusu tu.

Uhasama ulikuwapo. Huko Gallia, nchi ya Wakelti ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, makabila ya Waedui na Wasequani yalipigana hadi Wasequani wakawaita Wagermani wa mfalme Ariovistus wawasaidie. Kinacholegalega ni hao wazee wakali. Ndoa za kuvuka kabila hazikuwa mwiko. Wakubwa ndio waliozipanga. Dumnorix, Mwedui, alimwoa binti wa Orgetorix, kigogo wa kabila la Wahelveti. Dumnorix huyo akamwoza mama yake mwenyewe kwa mkubwa wa kabila la Wabituriges, na jamaa zake wengine wa kike akawaoza kwingineko. Mwaka 58 KK, Wahelveti walipotaka kupita katika nchi ya Wasequani, ni Dumnorix huyo aliyewaombea njia, na njia ikapatikana.

Watetezi wa riwaya wana hoja nzito hata hivyo. Habari hizi tumeachiwa na Julius Caesar, jemadari wa Roma, adui aliyekuwa na vita vya kuhalalisha. Baada ya mapigano yake na Wahelveti karibu na Bibracte, mji wa Waedui, anaandika kwamba binti wa Orgetorix alikamatwa, basi. Jina hatoi. Ni mke wa Dumnorix au dada wa mke huyo? Hasemi. Alimpenda mumewe? Hapo mwandishi wa riwaya ana haki zote za kuingia. Hata malighafi ipo: kwa mujibu wa Caesar, mali aliyokuja nayo mke, mume aliiongezea kiasi hicho hicho, hesabu ikawekwa pamoja, na aliyebaki hai akachukua yote na faida yake. Caesar huyo huyo anasema mume alikuwa na mamlaka ya uhai na kifo juu ya mkewe. Nyumba ya namna hiyo haikosi visa.

Ninachokataa ni ule upatanisho wa mwishoni. Uvamizi uliwagawa hata waliozaliwa pamoja. Diviciacus, ndugu wa Dumnorix, alikuwa rafiki wa Roma. Njama za nduguye za kuwasaidia Wahelveti zilipofichuka, alimwangukia Caesar akilia amsamehe. Akasamehewa. Mwaka 54 KK Dumnorix alikataa kuvuka bahari na jeshi la Caesar kwenda Britania, wapanda farasi wa Caesar wakamuua huku akipiga kelele kuwa yeye ni mtu huru wa taifa huru.

Ningekuwa mhariri, ningewaondoa wale wazee, nimweke binti wa Wahelveti nyumbani kwa Waedui: shemeji yake anashauriana na Caesar, mumewe anapanga jinsi ya kuwapitisha wakwe zake, naye anawasikia wote wawili.