Taimingi ya MGB: namba ya kitabu haitoshi

MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ya mwaka 1967. Ilitoka kiwandani Abingdon, maili chache tu kutoka hapa Oxford ninapoishi. Mwaka juzi niliichukua gereji ikiwa na karatasi inayosema taimingi, yaani wakati cheche inaporuka kwenye silinda, imewekwa sawasawa na kitabu cha gari: digrii 14 kabla ya pistoni kufika juu, injini ikizunguka mara 600 kwa dakika. Nikaenda nayo Fish Hill, ule mlima wa pale Broadway. Nikiwa katikati ya mlima, gia ya nne, mafuta nimeyakanyaga, nikasikia mlio mkavu kama changarawe zinatikiswa ndani ya kopo. Hayo ni mafuta yanayojilipukia kwenye silinda badala ya kuungua kwa mpangilio. Ukiyaacha yaendelee, yanatoboa pistoni.

Tangu siku hiyo nasema wazi: anayeweka taimingi ya gari hili injini ikinguruma taratibu, kisha akafunga boneti, hajamaliza kazi. Taimingi ipimwe injini ikiwa kasi, kwa sababu huko ndiko injini inakoumia.

Hebu tazama hesabu yenyewe. Kwenye mizunguko 600, krenkishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapita digrii 3.6 katika kila elfu moja ya sekunde. Kwenye 3,000 inapita 18. Moto nao unahitaji muda wake kuenea, kwa hiyo cheche lazima iwahi kadiri kasi inavyopanda. Kazi hiyo inafanywa na vyuma viwili vidogo ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawia silinda cheche, vinavyotanuka vikivuta springi. Digrii 14 za kitabu zinadhani vyuma na springi hizo ni zilezile walizozikusudia Lucas, kampuni iliyoitengeneza distribyuta, kwa injini ile. Baada ya miaka zaidi ya 50, nani ana uhakika?

Mimi sikuwa nao. Nilichomoa kifuniko na rota, nikatoa sahani ya platini, vile vidude vinavyofunguka na kufunga ili cheche iruke, nikamulika tochi. Kwenye kamu, chuma kinachozifungua platini, kumegongwa namba ndogo, nayo ilisoma 15. Namba hiyo ni digrii za distribyuta, na distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenkishafti, kwa hiyo zidisha kwa mbili: 30. Distribyuta ya injini yangu ilipaswa kuwa na 10, yaani 20. Kuna mtu, zamani sana, alifunga ya gari jingine. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Nilipopima kwa taa ya taimingi, inayomulika kila cheche inaporuka, kwenye kasi kubwa, mrija wa vakyumu (nao huwahisha cheche) nimeuchomoa na kuuziba, nikapata digrii 40. Injini hii inataka kama 32.

Halafu kuna petroli. Kitabu kiliandikwa enzi za petroli yenye risasi, oktani 97 na zaidi; oktani ni uwezo wa petroli kutojilipukia. Risasi iliondolewa hapa Uingereza mwaka 2000, na tangu 2021 petroli ya kawaida pampuni ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, ya oktani 95. Mimi natia ile ya oktani ya juu, na bado nasikiliza.

Kabla ya yote, weka nafasi ya platini, milimita 0.35 hadi 0.40. Ukianza na taimingi kisha ukagusa platini, umeiharibu taimingi, maana nafasi ikipanuka cheche inawahi. Wengi wananishauri nitupe platini nifunge ya elektroniki. Ni nzuri, lakini haigusi vile vyuma wala springi zilizo chini yake.

Nililegeza nati ya kibano, nikawasha, nikapandisha kasi hadi digrii zikaacha kuongezeka. Rota ya MGB inazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo kuchelewesha cheche unageuza mwili wa distribyuta kuelekea hukohuko. Niliusogeza kidogo sana, hata jicho halioni, na alama nyeupe kwenye puli ikahama mbele ya taa ikatulia kwenye 32. Nikakaza. Kisha nikarudi Fish Hill, mlima uleule, gia ileile, kioo nimekishusha. Nilisikia mngurumo wa ekzosi na upepo, basi.

Injini ikinguruma taratibu sasa inasoma 6, si 14, nikarekebisha skrubu za kabureta isizime. Hiyo 6 nimeiandika kwa penseli kwenye ukurasa wa kitabu, kando ya namba yao, pamoja na ile 32.